Kadi Yenye Jina Moja

Dada yangu Camille alifariki Jumatano mchana, mimi nikiwa dirishani kwangu katika ofisi ya namba za magari, namhudumia mzee mmoja aliyekuwa analalamikia foleni. Simu iliita mkobani nikaiacha. Ikaita tena. Yule mzee akaniambia nipokee tu, yeye kusubiri ameshazoea. Alikuwa Royce, shemeji yangu, anapiga kutoka hospitali ya Birmingham. Hakusema kwamba Camille amekufa. Alisema, "Twyla, Merritt bado yuko shule. Kamchukue wewe. Mimi siwezi."

Merritt, binti yao, alikuwa na miaka kumi na mitano. Nilimkuta kwenye chumba cha muziki na wenzake wa bendi. Aliponiona mlangoni hakuuliza kitu. Aliifungua filimbi yake vipande vipande, akafuta kila kipande kwa kitambaa, akavipanga kwenye kasha lake kama vile anayo siku nzima ya kufanya kazi hiyo. Nami nikasimama pale nikamwacha amalize.

Naandika haya kwa sababu nimeanza kusahau sauti ya Camille, na sitaki kusahau na mengine.

Sisi tulizaliwa wawili tu. Camille ndiye aliyekwenda chuo kikuu. Mimi nilimaliza sekondari, nikaolewa na Dewey, nikapata kazi ofisini hapo na sijaiacha. Sikumwonea wivu kwa masomo yake. Kilichoniuma, na yeye alijua, ni namna alivyorudi nyumbani Krismasi ya mwaka wa kwanza akisema "dada zangu hivi" na "dada zangu vile", na mimi sikuwa mmoja wa hao dada. Walikuwa wasichana wa Nyumba ya Kamelia. Ni chama cha wasichana pale chuoni, chenye jumba lake la nguzo nyeupe, nyimbo zake, siri zake, na ua la kamelia kifuani siku za sherehe. Ukishachaguliwa, wewe ni dada yao mpaka kufa. Hayo ya mpaka kufa nilidhani ni maneno tu.

Siku ya mazishi walikuja. Wanawake watu wazima, baadhi wametoka Georgia na Tennessee, wote wamevaa nguo nyeupe katikati yetu sisi tuliovaa nyeusi. Mchungaji alipomaliza, walilizunguka jeneza wakashikana mikono, wakaimba wimbo ambao sisi wengine hatukuujua, na kila mmoja akaweka ua juu. Nilisogea nyuma kuwapisha. Lazima niseme ukweli, ilikuwa nzuri. Mama yetu hajawahi kuniambia lolote kuhusu siku ile isipokuwa kwamba walipendeza.

Kisha mmoja wao, Sissy Hargett, aliyekuwa akilala chumba kimoja na Camille chuoni, alimshika Merritt mashavu kwa mikono miwili. Nilikuwa karibu, nilisikia.

"Mwanangu, siku ukifika chuo, mlango wetu ni wako. Umesikia? Mama yako yumo mle ndani. Picha yake iko ukutani."

Merritt aliitikia kwa kichwa. Siku zile hakuwa akila, hakuwa akilala, lakini hilo alilisikia.

Royce alipata kazi Texas. Merritt akabaki kwetu ili amalize shule, na alipomaliza hakuomba chuo kingine chochote ila kile cha mama yake. Nilimwambia ajaribu viwili vitatu. Akasema, "Mama mdogo, huko kwingine nitafuata nini?"

Camille aliwahi kunisimulia wanavyochagua, tukiwa tumekaa barazani kwangu tunamenya karanga za kuchemsha. Ni wiki moja ya Agosti, kabla masomo hayajaanza, jua likiwa kali hata lami inanata. Wasichana wapya wanapita nyumba kwa nyumba kwa makundi. Mlango unafunguliwa, na ndani wenyeji wamebanana mpaka kizingitini wanaimba na kupiga makofi, halafu kila mgeni anavutwa mkono na mwenyeji mmoja, wanazungumza dakika chache, anapokezwa kwa mwingine, na mwingine, kengele inalia, nje. Wageni wakishaondoka, wenyeji wanakaa ukumbini, picha ya kila msichana inawekwa ukutani, waliozungumza naye wanasema neno, wanapiga kura. Zamani walitumia gololi nyeupe na nyeusi, siku hizi ni simu. Kesho yake asubuhi kila msichana anaambiwa ni nyumba zipi bado zinamtaka. Zinapungua kila siku. Camille alinicheka nilivyokunja uso. Alisema aliwahi kuona msichana anaachwa kwa sababu ya viatu, na yeye mwenyewe hakunyoosha mkono kumtetea, na bado lile jina analikumbuka. Hakunitajia.

Nilipomweleza Dewey, alisema ndivyo yeye anavyochagua tikitimaji sokoni: unaligonga, unalisikiliza, unalirudisha, na ndani hujaona.

"Na ukikosea?" nikamuuliza.

"Unawapa nguruwe."

Merritt, aliyekuwa akisikiliza, alicheka sana. Aliniambia baadaye kwamba kila alipopita mlango wa nyumba mpya wiki ile alimsikia baba mdogo Dewey anagonga.

Tulijiandaa kama watu wa harusi. Nguo ya kila siku na viatu vyake, pamoja na mkoba mdogo wa kubeba feni, poda na viatu vya kubadilisha, kwa sababu kutoka nyumba hadi nyumba wanatembea juani na ndani wanatakiwa waingie wakavu. Kila kundi lilikuwa na msimamizi wake, naye aliwafundisha mambo ya kutozungumza: wavulana, pombe, siasa, dini na hela. Merritt alinisomea hayo kwa simu huku akicheka. Kifo hakikuwemo.

Kila jioni alinipigia. Siku ya kwanza miguu ilivimba. Siku ya pili nyumba nne zilimwacha, akasema hajali, maana Kamelia bado wamo. Siku ya tatu alizungumza zaidi kuhusu nyumba nyingine, ile ya matofali iliyoko kona, ambako msichana mmoja aitwaye Odalys alimuuliza anapiga ala gani, akasema filimbi, na yule akasema, "Pole sana, mimi napiga tuba, tukitembea pamoja watu watadhani ni tembo na shomoro." Alipokuwa akinisimulia hayo alikuwa anacheka peke yake kule. Miaka mitatu sikuwa nimemsikia akicheka hivyo na mtu nisiyemjua.

Siku ya mwisho zilibaki mbili, Kamelia na ile ya matofali.

Raundi ya mwisho si ya makofi. Wenyeji wanavaa meupe, wanazima taa, wanawasha mishumaa, na kila mgeni anapewa mwenyeji mmoja tu wa kukaa naye. Kule Kamelia, Merritt alipewa Lanier, msichana wa mwaka wa tatu mwenye sauti ya upole. Lanier alimuuliza kuhusu mama yake. Alimuuliza alikuwa mtu wa namna gani, alikufaje, anamkumbuka kwa jambo gani. Merritt akamwambia yote. Kisha Lanier akamshika mkono akampeleka kwenye korido ambako picha za kila mwaka zimetundikwa, nyuso ndogo ndogo ndani ya duara, na pale, safu ya tatu, alikuwapo Camille, miaka kumi na tisa, nywele amezijaza kama walivyokuwa wakifanya wakati ule. Merritt alilia. Lanier naye alilia. Akamwambia, "Nikikuangalia umesimama hapa, naona kama umerudi nyumbani."

Sheria inawakataza kumwahidi msichana nafasi. Hilo si ahadi, wanasema.

Kutoka hapo msichana anakwenda ukumbi mwingine, anakaa peke yake mezani, hapaswi kuzungumza na mtu, anajaza kadi. Anaandika nyumba anayoipenda kwanza, halafu ya pili. Nyumba nazo zinapeleka majina yao kwa mpangilio wao, na mashine inaoanisha. Kila nyumba inaalika siku ya mwisho wasichana wengi kuliko nafasi ilizo nazo. Ukiandika mbili, utapata moja, hiyo ni hakika. Ukiandika moja, na wao wakajaza kabla hawajafika kwenye jina lako, basi huna kitu.

Jioni ile alipiga. Nilikuwa nakaanga kuku, nikazima jiko nimsikilize vizuri. Alinieleza mishumaa, picha, yule Lanier. Aliongea mbio. Nilimuuliza ya pili ameandika ile ya matofali, ya akina tuba?

Akaanza kunieleza tena habari za mishumaa.

"Merritt."

"Sikuandika ya pili, mama mdogo."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Yule msimamizi wetu alinionya. Alikuja kuniuliza mara mbili kama nimeelewa. Nilimwambia nimeelewa. Lakini ningeandikaje nyingine, wakati mama yuko mle? Ingekuwa kama nawaambia kwamba popote ni sawa."

Kadi ilishatiwa sahihi. Nilimwambia sawa, kesho tutakuja, nimemwokea keki. Baada ya hapo nilirudi jikoni na Dewey akaniuliza mbona kuku ana mafuta baridi.

Siku inayofuata ndiyo Siku ya Mialiko. Wasichana wote wanakusanywa uwanja wa mpira, kila mmoja anakalia bahasha yake, na likitolewa neno wanafungua kwa pamoja, wanapiga mayowe, halafu wanakimbia barabarani hadi kwenye nyumba zilizowachukua, wakiwa na viatu mkononi. Familia zinasubiri kwenye majani ya kila nyumba na maputo na mabango. Sisi tulifika mapema na keki ikiwa kwenye kiti cha nyuma na kiyoyozi kikiipulizia. Merritt hakuwa anapokea simu tangu asubuhi, lakini tulidhani wamenyang'anywa simu, maana wiki nzima walikuwa wakinyang'anywa mchana. Keki tuliishusha tukaiweka miguuni petu kwenye majani. Dewey alikuwa amevaa tai. Nilimwambia hakuna mwanaume mwingine aliyevaa tai, akasema basi angalau Merritt atatuona haraka.

Walikuja. Unasikia kelele kabla hujaona kitu, kisha kona inajaa wasichana, wanakimbia wanalia wanacheka, na wale wenyeji wanawapokea kwa kuwakumbatia na kuwavalisha fulana. Nilitazama kila uso. Waliendelea kuja, halafu wakawa wachache, halafu mmoja mnene kidogo aliyechelewa anakuja anahema, watu wakampigia makofi zaidi ya wote. Nami nilimpigia. Baada yake barabara ilikuwa tupu.

Dewey aliniambia labda amejikwaa huko njiani. Lakini alikuwa ameshaanza kulegeza tai.

Hapo ndipo nilipomwona Sissy Hargett akiwa na kikombe cha chai ya baridi, katikati ya wanawake wa rika lake. Aliponiona alitazama pembeni, na kwa kutazama kule pembeni nikaelewa. Nilimwendea. Aliniita mpenzi, akanibusu shavuni. Akasema amesikia asubuhi hii hii, amesikitika kweli, na kwamba wasichana wasiopata kitu hupigiwa simu mapema ili wasije uwanjani kuaibika.

Kwa hiyo Merritt alijua tangu asubuhi. Alikuwa chumbani kwake, simu ameizima, na sisi tumesimama pale na keki.

"Ulimwambia mlango ni wake," nikasema.

"Twyla, wanaochagua ni wasichana. Sisi wazee hatuna kura. Zamani binti wa dada alikuwa anaingia moja kwa moja, walishafuta hilo, wakasema si haki kwa wengine. Na labda kweli si haki."

"Mbona hukumwambia hivyo? Miaka mitatu, Sissy. Una namba yangu."

Alishika kikombe kwa mikono miwili. "Ilikuwa msibani," akasema. "Msibani mtu anasema kile anachoweza."

Nami simchukii. Nimesimama kwenye misiba mingi tangu hapo na nimejisikia mwenyewe nikitaka kusema mambo makubwa, nikajizuia.

Tulikuwa tunarudi kwenye gari msichana mmoja alipotufuata kando ya uzio, ana ua la kamelia kifuani na macho mekundu. Aliniuliza kama mimi ni ndugu wa Merritt. Alisema yeye ni Lanier, na kwamba haruhusiwi kuzungumza na sisi. Dewey akasema basi azungumze na keki. Hakucheka, lakini alibaki.

Nilimuuliza swali moja tu, kwa nini.

Alitazama nyuma kwanza. Alisema yeye alimtetea, aliposimama mbele ya wenzake alimweleza vizuri, na wengi walimpenda. Halafu mmoja akasema kwamba kila aliyezungumza na Merritt wiki nzima, alizungumza naye habari za mama yake. Mwingine akasema kweli, hata yeye. Wakaanza kucheka kidogo, si kwa ubaya, ndivyo alivyosema, si kwa ubaya. Na kuna mmoja akauliza, "Sasa tutakaa naye tunalia miaka minne?" Kura zikapigwa. Jina lake likashuka chini.

"Lakini mlimuuliza ninyi," nikasema. "Wewe ulimpeleka kwenye picha."

"Tunafundishwa kutafuta kile kinachomgusa mtu," akasema Lanier. "Nilidhani nafanya vizuri." Alianza kulia tena, na mimi nilisimama pale nikimtazama mtoto wa watu analia, nikashindwa kumshika bega. Dewey ndiye aliyempa leso yake. Kisha wenzake wakamwita kwenye picha ya pamoja, akaenda.

Bweni la Merritt lilikuwa kimya kwa sababu wote walikuwa nje. Tulimkuta amekaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda, amevaa ile nguo tuliyoinunua kwa ajili ya siku hiyo. Alikuwa ameivaa kabla simu haijapigwa na hakuwa ameivua. Alisema, "Samahani sikupokea. Nilitaka nipige, nikawa najiambia dakika kumi zaidi." Niliketi chini naye. Dewey alisimama mlangoni na keki kama mtu aliyeleta mzigo kwenye nyumba isiyo na mtu, mpaka Merritt mwenyewe akamwambia aiweke mezani.

Kwa mbali ngoma za bendi zilikuwa zinapigwa.

Aliniuliza kama tulifika kule. Nikamwambia tulifika. Akaniuliza kama kuna mtu aliyesema kitu. Ningeweza kumwambia hapana. Camille angemwambia hapana, angemfunika na uongo mzuri kisha akampeleka kununua viatu. Lakini nilifikiri, kama simwambii, atakaa miaka akitafuta, ni nywele, ni nguo, ni lafudhi yetu ya shamba, ni meno. Kwa hiyo nikamwambia. Nilimwambia kwamba walimpenda, na kwamba walisema anamzungumzia sana mama yake.

Hakulia. Alikunja uso kama mtu anayepiga hesabu.

"Wao ndio walioniuliza," akasema.

"Najua."

"Kila mmoja aliniuliza. Nilidhani wanataka kujua."

Baadaye kidogo akasema lingine, akitazama dirishani. Alisema kule nyumba ya matofali hawakuwahi kumuuliza habari za mama yake, na yeye hakuwahi kumtaja, akatoka mle akijiona amemsaliti. Ndiyo sababu hakuwaandika.

Dewey alikohoa, akasema atakwenda kuangalia gari, ingawa gari lilikuwa salama kabisa.

Mwenzake wa chumbani aliingia saa hiyo, fulana mpya, vipodozi vimechuruzika usoni kwa jasho. Alituona, akasimama. Merritt akanyanyuka kutoka sakafuni, akamkumbatia, akamwambia hongera, akamuuliza ni nyumba ipi. Yule binti alitaja kwa sauti ndogo. Merritt alisema, "Hao wana wimbo mzuri mlangoni," na akamkatia kipande cha keki. Nilimtazama anavyoshika kisu. Ni mikono ya Camille ile, hata kidole kidogo kilivyo mbali na vingine.

Nilimwambia anaweza kurudi na sisi nyumbani, chuo kipo hata mji wa jirani. Alifikiri kweli, nilimwona akifikiri, halafu akasema atabaki, ameshajiandikisha bendi na mazoezi yanaanza Jumatatu. Odalys wa tuba alimsalimia siku ya kwanza ya mazoezi, akamuuliza kilitokea nini. Merritt akamwambia alikosea kujaza kadi. Sasa wanasalimiana tu. Nyumba ile ilishajaza nafasi zake, na mtu hawezi kuomba kuchaguliwa mahali ambapo yeye mwenyewe hakupaandika.

Nyumbani hamtaji tena mama yake. Nikimtaja mimi, ananisikiliza kwa adabu, kisha ananiuliza kama Dewey amekunywa dawa. Juzi nilianza kumsimulia habari ya mama yake na mbwa wa jirani, ambayo zamani alikuwa akiniomba kila mara, akasema, "Basi, mama mdogo, nisije nikakuchosha." Nilimwambia mimi ndiye ninayesimulia. Akasema anajua.

Anakuja kwetu kila Ijumaa baada ya mazoezi. Jumapili alasiri namrudisha chuoni, na tunazunguka kwa njia ya nyuma, ya reli, kwa sababu barabara kubwa inapita mbele ya zile nyumba.